Tupinde plaizi, tusipinde mkono wa fundi

Jamani tuongee kuhusu mikono ya mafundi maana hili linaniuma kweli. Nina miaka tisa kwenye umeme, mwaka juzi ikaanza, usiku naamka kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, mpaka niukung'ute mkono kama nakausha maji ndo usingizi urudi. Nyumbani wakasema nimelalia mkono, bosi akasema uvivu. Kumbe ni mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono, pale njia ni nyembamba na mshipa unapita pamoja na kano tisa za vidole, sasa ukikunja kifundo halafu uminye kwa nguvu kutwa nzima, kano zinavimba, mshipa unakosa nafasi.

Hebu shika plaizi ya kawaida ukate waya ulio mbele yako. Mkono si umepinda upande wa kidole kidogo? Plaizi imenyooka ndo maana mkono unapinda. Na hili linajulikana zamani, miaka ya 1970 Marekani mtafiti Erwin Tichauer aliwafuatilia mafundi wanafunzi wa Western Electric, kampuni ya kutengeneza vifaa vya simu, wengine plaizi zilizonyooka, wengine zenye mpini uliopinda, na walioumia sana ni wale wa zilizonyooka. Ila ukifanya kazi juu ya dari hiyo iliyopinda inaweza kukukunja vibaya zaidi, kwa hiyo angalia kazi yako kwanza.

Kinachonikera ni plaizi za bei poa zenye mpini mfupi, ncha inaishia katikati ya kiganja inachimba palepale. Mpini usipungue sentimita 10. Na zile zenye vishimo vya vidole mnazoambiwa ni za kisasa, vile vishimo ni vya vidole vya nani? Kama mkono wako mkubwa au mdogo zaidi, matuta yanakuchoma tu. Bora mpini laini na springi inayoifungua plaizi yenyewe. Bisibisi ikiwa nyembamba izungushie mpira wa tyubu ya baiskeli inenepe kidogo, unaminya kwa nguvu ndogo.

Sheria ya usalama mahali pa kazi Tanzania tunayo toka 2003, lakini saiti nilizopita helmeti na rifleksa unapewa, plaizi uje na yako. Kwa nini? Hiyo ndo inashikwa kutwa!

Mimi ya springi nimejinunulia na ganzi imepungua. Saidia fundi wangu bado anatumia ile yangu ya zamani, juzi nimemuona anakung'uta mkono. Mwezi huu namnunulia yake.