Dola 40 za kwenye simu, dola 52 za mapokezi

Chumba cha Paje, Unguja, kinaonekana kwenye simu kwa dola 40 kwa usiku. Wageni wawili wakilala siku tano wamejipangia 200. Mapokezi wanawekewa 250, kwa kuwa kodi ya miundombinu haikuwemo: hoteli nyingi za Unguja zinaitoza dola 5 kwa kila mtu kwa kila usiku (zamani ilikuwa dola 1), hulipwa hapo hapo. Wakitoa kadi yenye makato ya asilimia 4, wanaondoka na bili ya 260.

Wenye hoteli wana hoja ya kuiacha kodi nje ya bei. Mitandao ya kuuzia vyumba hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi, kwenye bei iliyotangazwa. Kodi ikiingizwa humo, zile dola 10 za usiku mmoja hukatwa dola 1.50, na ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, bado inadai 10 zake kamili. Mwenye nyumba ndogo ya wageni anafidia kwa mfuko wake.

Hoja ya pili, kwamba kodi huhesabiwa kwa kichwa na haijulikani mapema, ni nyepesi. Mtandao humuuliza mteja idadi ya watu na siku kabla haujamwonyesha chumba hata kimoja.

Na anayeumia zaidi ni mnyonge. Dola 10 ni robo ya bei ya chumba cha 40, lakini kwa chumba cha 400 ni asilimia 2.5 tu. Tena hoteli inayosema kweli, yenye 48 kila kitu ndani, huonekana ghali mbele ya jirani yake wa 40 ambaye mwishowe ni 50.

Tusichanganye lakini kodi na ada za hoteli yenyewe: "ada ya huduma", au chakula cha lazima cha mkesha wa mwaka mpya. Pesa hizo zinabaki hotelini, na kuzificha sioni utetezi wake. Marekani, tangu Mei 12, 2025, ada za lazima za namna hii sharti ziwemo kwenye bei inayotangazwa, ingawa kodi za serikali zinaweza kungoja hadi karibu na malipo. Uingereza, tangu Aprili 6 mwaka huo, inataka hata kodi ziwemo. Kwa visiwa vyetu, utaratibu wa Uingereza ndio unaofaa.

Kabla ya kutoa amana, iandikie hoteli: jumla ni ngapi kwa watu hawa na siku hizi, pamoja na VAT (Zanzibar ni asilimia 15), kodi ya miundombinu, makato ya kadi na chakula cha lazima? Jibu lihifadhi. Bima ya dola 44 anayolipa mgeni mtu mzima kutoka nje, iliyoanza Oktoba 1, 2024, ni ya ZIC, shirika la bima la Zanzibar, si ya hoteli. Ikitokea kwenye bili ya hoteli, uliza imefikaje. Ukilipa, dai risiti ya kielektroniki na utazame kodi imeandikwa mstari wake peke yake.