Macho ya Mhusika Si Macho ya Kitabu

Wasomaji wengi wa riwaya, wakiwemo waliofaulu vizuri mitihani ya fasihi, husoma kana kwamba kila sentensi iliyomo kitabuni imesemwa na kitabu chenyewe. Ikiandikwa kwamba jirani ni mchawi, basi ni mchawi. Ikiandikwa kwamba bibi harusi hakuwa na furaha, basi hakuwa nayo. Hawatulii hata kidogo wakajiuliza: nani kaliona hili? Nani anayedai? Kwangu mimi, hilo ndilo swali linalotenganisha kusoma riwaya na kusoma taarifa, na inanisikitisha kwamba tunalifundisha kwa nadra mno.

Kutoliuliza kuliwahi kuchangia kumfikisha mwandishi mahakamani. Januari 1857, jijini Paris, Gustave Flaubert alishtakiwa kwa kukiuka maadili ya umma na ya dini kupitia Madame Bovary, riwaya iliyokuwa imetoka kwa mfululizo jaridani mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, alikazania sehemu ambayo Emma, mke wa mtu, amerudi nyumbani baada ya kujitoa kwa Rodolphe kwa mara ya kwanza. Emma anajitazama kwenye kioo na kuushangaa uso wake. Macho yake hayajawahi kuwa makubwa hivyo, meusi hivyo, yenye kina hivyo. Pinard alisema hapo uzinzi unatukuzwa. Lakini soma polepole: anayeyaona macho hayo kuwa makubwa ni Emma mwenyewe, akiwa mbele ya kioo chake. Flaubert hakuandika "Emma alifikiri kwamba". Aliyaacha mawazo ya mhusika yaingie katika sauti ya msimulizi bila alama za kunukuu. Si usemi halisi, wala si usemi wa taarifa. Uko katikati, na msomaji asiyekuwa macho humbebesha mwandishi maneno ya mhusika.

Pinard alilalamika pia kwamba kitabu kizima hakina mhusika hata mmoja anayeweza kumhukumu mwanamke huyu. Katika hilo alisema kweli. Kazi hiyo Flaubert alimwachia msomaji. Tarehe 7 Februari mahakama ilimwachia huru, ingawa haikukosa maneno makali juu ya kitabu chake.

Sasa tuisogelee sentensi yenyewe. Hii ni aya niliyoitunga kwa ajili ya hoja hii tu. Kijana amefiwa na baba yake, na watu wanakuja kumpa pole:

"Mjomba aliingia bila kubisha hodi. Alikitazama kiti cha marehemu, akakipita, akaenda kukaa kwenye kigoda cha karibu na mlango. Alikuwa amekuja kwa ajili ya shamba, bila shaka. Watu wa namna yake hawaji bure."

Sentensi mbili za kwanza ni mwendo mtupu, ambao yeyote aliyekuwa chumbani angeuona. Mbili za mwisho zina mwenyewe. Msimulizi anayejua yote hana haja ya kujihakikishia kwa "bila shaka". Anayejihakikishia ni mtu anayekisia. Na "watu wa namna yake" ni maneno ya mtu aliyewahi kuumizwa, au aliyekua akisikia ubaya wa upande fulani wa ukoo. Tayari tumempata kijana, na hofu yake ya kupokonywa tumeshaijua, ilhali aya haijamtaja popote.

Wasomaji wengi hodari hukomea hapo. Mimi naona utamu ndio unaanza. Rudi kwenye kile kiti. Aliyekuja kudai mali, kwa nini akwepe kiti cha mwenye mali? Huyu amekitazama, amekipita, amejichagulia kigoda cha mlangoni, mahali pa mtu asiyejiona na haki ya kusogea ndani zaidi. Huenda ana majonzi. Huenda ana aibu ya jambo la zamani. Huenda ni kweli amelifuata shamba, ila kiti kimemshinda. Hata kule kuingia bila hodi kunasomeka kwa namna mbili: dharau, au mazoea ya mtu wa nyumbani. Kijana ameyaona yote haya na hayakumwambia kitu, kwa sababu alishakata shauri kabla mgeni hajakaa. Sisi tumepewa ushahidi ule ule aliopewa yeye, ila hatuna woga wake. Kubaini mtazamo wa mhusika ni kujua anachokiona, kisha kujua kilichopo mbele yake asichokiona.

Dalili zake ni nyingi, na hazihitaji nadharia nzito. Tazama mhusika anawaitaje wenzake: mtu mmoja katika sura moja anaweza kuwa "mwanangu", "yule kijana" na "mpangaji", kutegemea ni nani anayemtazama. Angalia jicho linatua wapi kwanza anapoingia chumbani. Na "kumbe" ikitokea, tafuta ni nani aliyeshtuka.

Darasani tumezoea kuuliza sifa za wahusika. Mwanafunzi anaandika mkatili, mnafiki, mwenye tamaa, kila sifa na mfano wake, anapata alama zake. Siwalaumu walimu, maana mtihani ndio unaodai hivyo. Lakini sifa ni hukumu inayotolewa na aliye nje. Hakuna mhusika anayeamka asubuhi akajiona mkatili. Anajiona mlinzi wa nidhamu, au mtu aliyechoshwa, au aliyetangulia kudhulumiwa. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1978 inayoturudisha Zanzibar ya enzi za Mapinduzi ya 1964, Kijakazi anamtumikia kwa moyo wote bwana anayemtukana na kumdhalilisha. Andika "mtiifu" au "mjinga", na mjadala umekwisha. Uliza anaona nini, na unamkuta mwanamke ambaye ulimwengu wake ni ile kasri, na ambaye ukubwa wa bwana wake ni jambo la maumbile, lisilohojiwa. Hapo hasira ya msomaji inamwachia Kijakazi na kuuendea utaratibu uliomfundisha kuona hivyo. Orodha ya sifa haiwezi kutufikisha huko.

Wapo wanaosema kila msomaji ana tafsiri yake na zote ni sawa. Sikubali. Nikidai kwamba mjomba ndiye aliyemuua marehemu, sina neno hata moja katika ile aya la kunibeba. Nikisema ana majonzi, ninacho kiti. Nikiona sura inayofuata anapima mipaka ya shamba kwa hatua, nitalazimika kuyapunguza yale majonzi, pengine kuyaacha kabisa. Dhana isiyoweza kurudi ukurasani ikaonyesha neno lililoizaa ni hadithi nyingine, iliyotungwa juu ya hadithi ya mtu.

Na wapo wanaoogopa kwamba kuingia ndani ya macho ya mhusika mwovu ni kumtetea. Naielewa hofu hiyo, kwa kuwa riwaya nzuri hutusogeza karibu sana na watu tusiowataka. Lakini ukatili unaoueleza kwa "ni mkatili tu" hujauelewa, na usichokielewa hutakitambua kikija kwa sauti ya upole.

Msimulizi wa nafsi ya kwanza anataka uangalifu wa pekee. Wayne Booth, mhakiki wa Marekani, ndiye aliyetupa mwaka 1961 istilahi ya msimulizi asiyeaminika, na tangu hapo wengi wanamsaka mwongo katika kila "mimi". Mara nyingi hakuna uongo wowote. Kuna "mimi" wawili: yule aliyeyapitia mambo, na yule anayeyasimulia miaka mingi baadaye akiwa anajua mwisho wake. Wa pili humwonea haya wa kwanza, au humhurumia, au humsafisha. Ukiona anafafanua mno jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, huku kifo cha nduguye kikipita kwa nusu sentensi, jua kwamba hapo wawili hao hawajapatana, na usome tena.

Ningekuwa mtunga mtihani, ningeliondoa lile swali la "eleza sifa tano". Ningempa mwanafunzi aya moja na kumuuliza: nani anaona hapa, umejuaje, na ni kitu gani kimo ndani ya aya ambacho yeye hajakitambua? Majibu yangetofautiana, na kusahihisha kungekuwa kugumu zaidi. Lakini mwanafunzi aliyefika mbali na jibu langu ningempa alama zote, mradi kidole chake kiwe juu ya neno lililoandikwa.