Mtoto wa Arusha ndani ya Oslo

Nimezaliwa na kukulia Arusha, na huu ni mwaka wa kumi na moja naishi Oslo. Wazee wa hapa nikiwatajia kwetu hukunja uso kidogo: "Rwanda, siyo?" Nikirudi likizo na kukaa kijiweni Ngarenaro, kuna mzee mmoja haniiti jina, ananiita "yule wa Arafat na Rabin". Ndiyo sifa ya miji yangu miwili. Mkataba wa Arusha wa kumaliza vita vya Rwanda ulisainiwa tarehe 4 Agosti 1993. Wa Oslo, wa Rabin waziri mkuu wa Israel na Arafat wa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, ambao ulipikwa huku kwa siri ukaenda kupakuliwa Washington, ulisainiwa tarehe 13 Septemba mwaka huohuo. Hesabu siku zilizo katikati: ni arobaini. Mswahili anajua arobaini ni ya nini.

Baba alikuwa dereva wa gari la kukodi. Enzi za mazungumzo yale alikuwa anawachukua wajumbe uwanja wa ndege wa KIA, anawashusha hotelini, asubuhi anawapeleka AICC, jumba letu la mikutano. Mji ulichangamka. Mama aliuza mandazi mpaka akaajiri msichana wa kumsaidia. Sisi watoto tulijua amani ni kitu kinacholeta misafara ya magari. Kisha Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ikatunguliwa akitokea mkutanoni Dar es Salaam, na mwisho wa mwezi huo watu wapatao 250,000 wakavuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, upande wetu wa Tanzania, ndani ya siku moja. Askari wa Umoja wa Mataifa waliopelekwa Rwanda kusimamia ule mkataba walikuwa kama 2,500. Tarehe 21 Aprili, mauaji ya kimbari yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama liliamua wapunguzwe wabaki 270.

Sisemi ya Gaza ni yaleyale ya Rwanda. Kila msiba una wenyewe. Ninachofananisha ni karatasi.

Huku Norway watu wanaionea fahari karatasi yao, ingawa siku hizi wanaitaja kwa sauti ya chini. Januari 1993 Waisraeli wawili wasomi na wajumbe watatu wa PLO walikutana katika jumba moja huko Sarpsborg, chini ya kivuli cha taasisi ya utafiti ya Fafo. Walikula pamoja, wakatembea kwenye theluji, wakazoeana. Desemba 1994 Arafat, Rabin na waziri wake wa mambo ya nje, Peres, wakapokea Nobel hapa mjini. Ukiisoma karatasi yenyewe, utaona hakuna mahali inapotaja dola ya Palestina, wala haisemi ujenzi wa makazi ya walowezi wa Kiisraeli kwenye ardhi ya Wapalestina usimame. Yerusalemu, wakimbizi, mipaka, makazi, vyote viliwekwa kiporo kwa miaka mitano. Wakati huo walowezi wa Ukingo wa Magharibi, ukiacha Yerusalemu Mashariki, walikuwa kama 110,000. Leo wamepita 500,000. Kiporo kililala mpaka kikachacha.

Mwanahistoria wa hapa, Hilde Henriksen Waage, alichimba nyaraka akasema jambo ambalo Wanorway wengi hawakulipenda: msuluhishi mdogo asiye na fimbo wala mkate hana budi kufuata masharti ya mwenye nguvu. Kwetu hilo lisingehitaji utafiti. Mwenye ng'ombe wengi na asiye na hata mbuzi wakipelekwa mbele ya wazee, wazee wakiishia kuwasihi tu, unajua nani atatoka anacheka.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mmoja wao alikuwa askari wa Umoja wa Mataifa kusini mwa Lebanon, kama Wanorway wenzake zaidi ya 20,000 waliopita huko kati ya 1978 na 1998. Akiwa na siku nzuri husimulia jinsi Juni 1982 vifaru vya Israel vilivyofika kwenye kizuizi chao, wao wakasimama barabarani, vifaru vikawazunguka vikaendelea na safari. "Tuliandika taarifa," anasema, kisha anacheka mpaka anakohoa na mimi nakimbilia maji.

Kucheka kwake kunanikumbusha Hebron, mji wa Ukingo wa Magharibi. Februari 1994 mlowezi mmoja aliwapiga risasi waumini waliokuwa wakisali katika Msikiti wa Ibrahimi, akaua 29. Ulimwengu ukaunda kikosi cha waangalizi, Norway ikapewa kukiongoza. Hawakuwa na silaha, hawakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu, na walichoandika kilikuwa siri kati ya wahusika na nchi zilizowatuma. Walizunguka mitaa ile kuanzia 1997 mpaka Januari 2019, Netanyahu alipokataa kuwaongezea muda. Ninawaheshimu waliokwenda. Lakini mama wa Hebron ambaye mwanawe anarushiwa mawe akienda shule, taarifa ya siri inamsaidia nini?

Sasa tofauti ya huku na nyumbani. Nyumbani ugomvi huu tunauchukulia kama Simba na Yanga. Bodaboda huyu kabandika bendera ya Israel kwa sababu mchungaji kamwambia ni taifa la Biblia, yule kabandika ya Palestina kwa sababu ni ndugu zake wa imani, na wote wawili wanakula vumbi lilelile pale stendi. Raia wa kule wanageuka kuwa magoli ya timu. Hata vijana wetu wawili waliokwenda Israel kujifunza kilimo wakauawa katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023, mmoja mwili wake ukikaa Gaza hadi Novemba 2025, niliona watu mtandaoni wakiwapigia hesabu ya upande gani wamefungwa. Nilizima simu.

Huku watu wanazungumza sheria na pesa. Mfuko wao wa mafuta una hisa kila kona ya dunia, kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi anajiona ana sauti: Agosti 2025 mfuko uliuza hisa zake katika kampuni kadhaa za Israel baada ya kelele za wananchi. Norway ndiyo iliyosukuma Mahakama ya Kimataifa ya Haki iombwe kutoa maoni kuhusu wajibu wa Israel wa kupitisha misaada, na maoni yakatoka Oktoba 2025. Mei 2024 waliitambua Palestina, nikawatania kazini kwamba Tanzania ilifanya hivyo tangu 1988. Hawakuwa wanajua. Ninachokikosa huku ni kumbukumbu ya mguu. Wengi hawajawahi kuona safu ya watu wenye magodoro kichwani ikivuka daraja, kwa hiyo "kulinda raia" kwao ni sentensi nzuri. Kwetu Ngara ni maji, kuni na kaburi.

Ndiyo maana nashangaa Arusha ya pili, ile ya Burundi, haitajwi. Meja Buyoya alipopindua serikali ya Burundi Julai 1996, majirani walikutana Arusha ndani ya wiki moja wakaifungia biashara nchi yake mpaka Januari 1999. Mwalimu Nyerere alisuluhisha hadi mauti yalipomkuta, Mandela akapokea, na Agosti 2000 wakasaini pale pale AICC, wenye bunduki wakuu wakiwa hawamo. Tofauti ni kilichofuata: 2001 Afrika Kusini ilipeleka askari Bujumbura kabla ya vita kuisha, 2003 Umoja wa Afrika ukapeleka wake, na mwaka huohuo kundi kubwa la waasi likasaini. Burundi haikugeuka pepo, machafuko ya 2015 yanatosha kuwa ushahidi. Lakini kulikuwa na fimbo, na kulikuwa na watu waliosimama katikati.

Kwa Gaza ilichukua miaka miwili kufika kwenye usitishaji vita wa Oktoba 2025, baada ya watu wapatao 1,200 kuuawa Israel siku ile ya kwanza na 251 kutekwa, na baada ya zaidi ya 67,000 kuuawa Gaza kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko. Tarehe 17 Novemba Baraza la Usalama likapitisha azimio linaloruhusu kikosi cha kimataifa. Usiku ule nilimpigia baba. Shikamoo, marahaba, mvua imenyesha, mahindi yanakwendaje. Nikamwambia kuhusu kura: kumi na tatu wamekubali, Urusi na China hazikupiga upande wowote.

"Hao askari wameshafika?"

"Bado, baba."

"Haya. Wakifika nipigie."