Kuku wa KFC na kuku wa kibandani, tubishane kwa hoja

Toka KFC waingie Dar mwaka 2013 haya mabishano hayaishi. Wa huku wanasema kuku wa kibandani pale Sinza au Magomeni hana mpinzani, wa kule wanajibu nyie mnakula mafuta ya juzi. Utadhani kuku wenyewe ni tofauti, wakati wote ni kuku wa kisasa, wa wiki tano sita hivi, nyama laini ambayo yenyewe haina ladha ya kusema ni ladha. Kwahiyo ugomvi wa kweli ni upishi na mafuta, basi.

Yule mzee Sanders wa Kentucky kule Marekani, mwanzilishi wa KFC, kuku kwenye kikaango alikuwa anamchukua kama nusu saa, ndo mwaka 1939 akahamia kukaangia kwenye sufuria ya presha. Mvuke haupati pa kutokea, nyama inaiva chap na maji yake yanabaki ndani. Ndo maana hata kidari, ambacho kibandani watu wanakikimbia kwa ukavu, kule kinalika vizuri tu. Ila ladha kubwa iko kwenye ule unga wa juu, ukishalimaliza lile ganda, nyama ya ndani haina ladha kiaina.

Kibandani ni kinyume. Kuku anachemshwa kwanza na tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, akishaiva ndo anatupwa kwenye karai, kwahiyo viungo vinafika mpaka mfupani na mtu anatafuna hadi mfupa wenyewe. Weka kachumbari, pilipili ya kukamulia ndimu, hapo coleslaw, ile saladi yao ya kabichi, haisogei, samahani zao. Shida inaanzia kwenye lile kabati la kioo lenye taa, paja limekaangwa saa kumi jioni wewe unafika saa tatu usiku, jamaa analizamisha tena kwenye mafuta dakika moja anakwambia la moto hilo bosi. Linakuwa gumu, linanyonya mafuta, na mafuta yenyewe ukiyaangalia meusi kama kahawa ya kijiweni. Mafuta yakitoa moshi kabla hajatia kitu, au povu halikatiki juu, yamechoka hayo, usibishane naye, nenda kibanda cha pili.

Hapo kwenye mafuta KFC wanashinda kwa mbali na tukubali tu, wana mashine na ratiba, leo na kesho kuku ni yuleyule. Pia ukiwa na watoto, kiyoyozi na choo sio vitu vya kudharau. Lakini utaratibu nao una mambo yake, Januari 2022 KFC Kenya waliishiwa chipsi kisa viazi vyao vinatoka nje na meli zimechelewa, na wakulima wa viazi wako hapohapo wanawaangalia. Muuza chipsi wa Manzese akiishiwa viazi anamtuma dogo sokoni.

Bei siijadili sana, kila mtu anajua robo kuku na chipsi za kibandani zinashibisha kwa hela ndogo.

Mi kura yangu naipa kibanda, ila kwa masharti. Uende mapema kabati likiwa bado halijajaa, au umwambie kabisa nikaangie wa sasa hivi, nasubiri. Akikunja uso, ujue ana vipande vya mchana vya kumaliza.