Saini ya mkubwa ni mali ya nani? Wakusanyaji wa barua za zamani na nyumba zetu za Tanga

Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapa kitabu cha barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958. Profesa M. M. Mulokozi ndiye aliyezihariri. Barua hizo zinaanza Shaaban akiwa karani kijana wa forodha na zinafika hadi siku ambazo jina lake lilikuwa limeenea Afrika Mashariki yote. Zimetufikia kwa sababu moja: aliyezipokea hakuzitupa. Hapakuwa na makumbusho iliyomwomba azitunze wala sheria iliyomlazimisha. Mwaka 1931 mwandishi wake alikuwa na umri wa miaka 22, na nani angejua kwamba karatasi za kijana wa Machui zitatafutwa na maprofesa?

Naanzia hapo kwa sababu hapa Tanga yamezuka mabishano yanayomsahau mtu wa namna ya Ulenge. Wapo watu wanaopita majumbani, Ngamiani, Chumbageni mpaka Pangani, wakiulizia sarafu, stempu, picha na barua za zamani. Baadhi ni madalali, baadhi ni wakusanyaji wenyewe. Wakisikia babu wa nyumba fulani alikuwa mtu wa TANU, au alifanya kazi kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, enzi za Mwingereza, swali linakuja moja kwa moja: hamna barua yenye saini ya Nyerere? Barazani wazee wengi wanasema watu hao wanaiba historia na wafukuzwe. Vijana wanajibu kwamba barua ni mali ya nyumba iliyoipokea, na mwenye mali anauza akitaka. Mimi naona wazee wana haki ya kuhofu, ila dawa wanayoitaka itatuumiza. Vijana wana haki ya mali, ila wanauza wasichokijua thamani.

Tuanze na upande wa mkusanyaji, maana yeye ndiye anayetukanwa zaidi.

Barua haina adui mkubwa kama nyumba yenyewe. Sanduku liko chini ya kitanda, masika yanaingia, hewa ya bahari ina chumvi, mchwa hawachagui. Akifa mwenye sanduku, warithi wanagawana shamba na vyombo, makaratasi yanawashiwa moto siku ya kufagia. Wengine huipenda barua mpaka wakaiua: wanaibandika selotepu, baada ya miaka inageuka kahawia na kuula wino, au wanaipeleka steshenari ikapigwe plastiki ya moto, na hapo haitatoka tena. Mkusanyaji wa kweli hafanyi hivyo. Anaiweka bapa katika jalada la karatasi isiyo na asidi, mbali na jua, na anajua kwamba wino wa zamani uliotengenezwa kwa chuma hutoboa karatasi wenyewe ukipata unyevu.

Zipo pia kazi kubwa za utafiti ambazo zisingefanyika bila mtu binafsi. Mwezi Februari 1871 David Livingstone alikuwa Bambarre, katika nchi ya Manyema, ameishiwa karatasi na wino. Barua aliyomwandikia rafiki yake Horace Waller haikusomeka vizuri kwa zaidi ya karne moja, na ilikuwa mikononi mwa mkusanyaji, si ya serikali yoyote. Mkusanyaji huyo alipokubali ipigwe picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, ukiwemo ule usioonekana kwa macho, maneno yakarudi. Mbinu hiyo hiyo ikatumika kwenye shajara yake ya mwaka huo, ambayo aliiandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa mbegu za mzingefuri. Matokeo yakawekwa kwenye intaneti bure, na leo mwanafunzi wa Bagamoyo anaweza kusoma yaliyomo kwa simu.

Nimeitaja Bagamoyo makusudi. Kwa maelezo ya Henry Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Livingstone, mfuko wa barua za kumpelekea Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870 ulivuka kutoka Unguja, ukakaa Bagamoyo siku zipatazo mia moja kwa sababu msafara haukuondoka, na ulimfikia mwenyewe Ujiji mwaka mzima baadaye, akiuleta Stanley. Karatasi zilizopita katika mji ule zimetawanyika Ulaya. Nyaraka za Stanley ziko Tervuren, Ubelgiji. Za Livingstone ziko sehemu nyingi za Uingereza. Bagamoyo imebaki na majengo na makaburi.

Na hapa ndipo upande wa pili unapopata nguvu. Soko la saini linapenda jina kubwa, na jina kubwa katika soko hilo mara nyingi ni la mgeni. Jacob Wainwright, Mwafrika licha ya jina lake, alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya Livingstone mpaka ikafika misheni ya Bagamoyo Februari 1874. Alijua kusoma na kuandika, aliandika shajara ya safari ile, na alihudhuria mazishi Westminster Abbey tarehe 18 Aprili mwaka huo. Kwa muda mrefu watafiti walitegemea tafsiri ya Kijerumani ya shajara hiyo. Picha za mwandiko wake mwenyewe zilitolewa kwenye intaneti mwaka 2019. Fikiria muda huo wote. Maandishi ya bwana yalipigwa mnada mara kadhaa huku ya mtu aliyembeba yakisubiri. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa pwani ya Bagamoyo aliyetuandikia desturi za Waswahili na kufundisha Kiswahili Berlin, alifia huko huko mwaka 1927. Sijawahi kumsikia dalali hata mmoja akiulizia barua yake, na kwangu ukurasa mmoja wa mkono wake unazidi saini kumi za magavana.

Ubaya mwingine wa soko nimeushika mkononi. Bibi mmoja wa Ngamiani alinitolea bahasha alizozirithi kwa baba yake, ambaye aliandikiana na sheikh aliyewasomesha watu wengi wa mji huu. Bahasha ni za hudhurungi, ncha zimelegea kama kitambaa. Kila moja, kona ya juu kulia, ina tundu la mraba lililokatwa kwa mkasi.

"Walitaka stempu tu, mwanangu," akaniambia. "Barua waliniachia."

Walimwachia kweli. Ndani mna karatasi ya mistari, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa mtu aliyezoea kalamu. Tarehe ni ya mwezi wa Kiislamu, mwaka haukuandikwa. Mwaka ulikuwa kwenye muhuri wa posta, na muhuri wa posta ulipigwa juu ya stempu. Sheikh anamshauri rafiki yake juu ya mgogoro wa msikiti, anataja watu kwa lakabu, anataja bei ya mchele. Mwanahistoria angejua ni mgogoro upi kama angejua mwaka. Kipande kile cha karatasi kisichozidi ukucha wa dole gumba kiliondoka na jibu, na aliyekinunua alitaka sura ya mfalme wa Uingereza.

Ndivyo inavyokuwa kwa saini pia. Wapo wanaokata jina chini ya barua wakalibandika kwenye albamu na kutupa iliyobaki. Desturi hii ilikuwapo Ulaya tangu zamani na hata huko wakusanyaji wazoefu wanaichukia, lakini haijafa. Kwangu hiyo si kukusanya. Jina la Nyerere lililokatwa halitwambii lolote. Barua yake kwa mwenyekiti wa tawi, yenye tarehe, yenye agizo, yenye kosa la taipu lililosahihishwa kwa kalamu, inatuonyesha chama kilivyojengwa.

Kuna na suala la kughushi, ambalo wauzaji wetu hawalifikirii mpaka wafike sokoni. Saini ya kiongozi mara nyingi haikuwekwa na kiongozi. Inafahamika kwamba makatibu wa John F. Kennedy walisaini kwa niaba yake, na mashine ya kusaini imetumika katika ofisi za marais wa Marekani kwa miongo mingi. Kwetu, barua nyingi za herufi za Kiarabu ziliandikwa na makarani; ndiyo maana aliyeandika mwenyewe alipenda kumalizia kwa kusema kaandika kwa mkono wake. Kujua ipi ni ipi kunahitaji kulinganisha na barua nyingine za mtu huyo zisizo na shaka, na hizo zinapatikana mahali pa umma. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu uliotokana na kazi ya J. W. T. Allen, na orodha yake ilichapwa 1970. Mkusanyaji binafsi akiua mikusanyiko ya umma, anaua na kipimo cha mali yake.

Basi serikali ipige marufuku? Wazee wa barazani wanataka hivyo. Nimetazama sheria, na naona pengo kabla ya kuona marufuku. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaangalia zaidi vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Milango ya nakshi imepewa ukomo wake wa 1940. Barua ya 1955 imeachwa nje. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 shughuli yake kubwa ni nyaraka za ofisi za umma. Barua ya mtu kwa rafiki yake, iliyo kabatini Makorora, haina mlinzi.

Afrika Kusini wana sheria kali zaidi, na bado hawajapumua. Binti wa Nelson Mandela alipotaka kupiga mnada New York vitu vya baba yake, vikiwemo kitambulisho na mashati, serikali ilipinga. Mahakama ikampa haki binti Desemba 2023, serikali ikakata rufaa, na Januari 2024 mnada ukasitishwa. Familia ilisema fedha zingejenga bustani ya kumbukumbu Qunu. Serikali ilisema vitu hivyo ni urithi wa taifa. Nikisoma hoja zile siwezi kuwaita watoto wa Mandela wezi. Siwezi pia kuilaumu nchi inayoogopa kumwona Mandela akiondoka kipande kwa kipande.

Njia iliyonivutia zaidi ni ya Atlanta, Marekani. Mwaka 2006 karatasi za Martin Luther King zilikuwa zipigwe mnada na kampuni ya Sotheby's. Watu wa mji wake wakachangishana, wakazinunua zote kwa mkupuo kwa dola milioni 32, zikawekwa chini ya Chuo cha Morehouse alikosoma. Familia ilipata haki yake, karatasi hazikutawanyika, mji ukabaki nazo. Hatuna mamilioni hayo, lakini barua zetu nazo haziuzwi kwa mamilioni. Mji wenye matajiri wa mkonge, wa bandari na wa malori hauwezi kushindwa kununua sanduku la barua za mwanawe mmoja. Shirika la Urithi Tanga lina makumbusho ndani ya boma la Mjerumani. Mahali pa kuanzia papo.

Marufuku, kwa maoni yangu, itafanya kitu kimoja: itahamishia biashara gizani. Dalali ataendelea kupita, atanunua kwa bei ya chini zaidi kwa sababu ya hatari, na hatasema kamwe alikonunua. Barua isiyo na asili yake, nyumba gani, nani alimwandikia nani, ni nusu ya barua. Ninachotaka kiwe lazima ni nakala. Kabla ya barua kuvuka mlango, ipigwe picha pande zote mbili, bahasha na stempu zikiwemo, jina la mnunuzi liandikwe, na nakala ibaki kwa familia na nyingine makumbusho au maktaba ya mkoa. Simu za leo zinatosha. Na mnunuzi akitaka saini peke yake, aambiwe hapana, bei yoyote atakayotaja. Mnunuzi ajue pia kwamba amenunua karatasi. Haki ya kuyachapa maneno inabaki kwa mwandishi na warithi wake kwa muda uliowekwa na sheria ya hakimiliki.

Nakubali kuna familia zinazokataa nakala pia, na hofu yao ni ya haki. Wengine wamewahi kuazima picha ya babu kwa mtafiti na hawakuiona tena. Wengine wana barua zenye siri: talaka, deni, mtoto wa nje, ugomvi wa mirathi na jina la jirani aliye hai. Barua za ndugu kwa ndugu hazikuandikwa zisomwe na mji mzima, na ukubwa wa mwandishi haufuti heshima ya waliotajwa ndani. Kwa nyumba kama hizo hifadhi ya nyaraka ina uwezo ambao mnunuzi binafsi hana: kupokea kitu na kukifunga kwa miaka inayokubaliwa. Lakini sharti liwe limeandikwa siku ile ile ya kukabidhi: barua zipi zifungwe, mpaka mwaka gani, nani wa familia aruhusiwe kuzisoma kabla ya hapo. Mtunzaji asaini, familia isaini, kila upande ubaki na karatasi yake.