Roboti hana jinsia, mbona basi wote ni wanaume?

Kabla hajauliza umri wala bei ninayoitaka, muuzaji wa Kariakoo aliniuliza: "Mtoto wa kike au wa kiume?" Nilikuwa namtafutia zawadi mpwa wangu wa miaka saba. Niliposema wa kike, mkono wake uliokwisha kugusa boksi la roboti anayegeuka lori uliliacha, ukahamia upande wa wanasesere wenye nywele ndefu na seti za vyombo vya jikoni. Nikamwomba anishushie lile la lori. Alilishusha, ila akaniuliza tena kama nina hakika.

Simlaumu. Ananunua kwa katoni, na juu ya boksi lenyewe kulikuwa na picha ya mvulana. Mgawanyo huo ulifanyika zamani na mbali na duka lake. Transformers, yaani midoli ya roboti wanaogeuka magari na vyombo vingine, zilipoingia sokoni Marekani mwaka 1984, kampuni ya Hasbro ilichukua midoli iliyokuwa tayari inatengenezwa na Takara ya Japani, ikaipa majina na visa vipya, ikaiuza kama midoli ya wavulana. Katika kundi lile la kwanza hakuna hata mmoja aliyetambulishwa kuwa wa kike. Mwaka 1985 katuni yao ikawaleta roboti wa kike, Elita One na wenzake, lakini kama viumbe waliodhaniwa wameshatoweka. Mwaka 1986 akaja Arcee kwenye filamu, wa rangi ya pinki. Mdoli wake ulitengenezewa sampuli, ila miaka ile ya 80 haukufika dukani. Msichana aliyempenda kwenye skrini hakuwa na cha kushika mkononi.

Wapo wanaoona mjadala huu hauna maana. Roboti ni chuma, hazai wala haoti ndevu, jinsia ya nini? Hoja hiyo ina nguvu zaidi kwetu kuliko kwa wanaozungumza Kiingereza, maana wao wakimtaja mhusika mara nyingi huchagua neno la kiume au la kike. Sisi tunasema amegeuka, amempiga, amekimbia, na hatujasema lolote kuhusu jinsia yake. Lugha yetu imeshampa mtoto roboti huru. Nimeitafakari sana hoja hii, na kwa muda niliiamini.

Kilichonitoa huko ni Sungura. Katika hadithi za bibi zetu, Sungura mjanja ni wa kike au wa kiume? Msimulizi hasemi, lakini ukiwauliza watu kumi nadhani wengi watakwambia ni dume, na watashangaa kwamba umeuliza. Lugha ikiacha nafasi wazi, mazoea yanaijaza, na mazoea yetu humweka mwanamume. Nenda kibanda umiza chochote Manzese au Mbagala kunakooneshwa sinema ya roboti iliyotafsiriwa. Mtafsiri ni mmoja, ana sauti nzito, na roboti wote wanazungumza kwa sauti hiyo hiyo. Steringi akitokea anatangazwa "mwamba huyo!" Hakuna kiambishi cha kike wala cha kiume katika maneno yake, lakini mtoto aliyekaa kwenye benchi anajua kabisa amemwona nani.

Basi tuongeze wa kike? Ndiyo, ila hapa wapinzani wana hoja ninayoikubali. Mara nyingi wa kike ametengenezwa kwa kubandikwa alama: kiuno chembamba, midomo iliyopakwa rangi, pinki. Chuma kinachogeuka gari kina haja gani ya midomo? Wa kiume hana alama, yeye ndiye roboti wa kawaida. Wa kike anakuwa roboti na kitu cha ziada. Ukimwongeza kwa njia hiyo hujampa binti nafasi, umemkumbusha tu kwamba yeye si wa kawaida.

Na akiwa peke yake tatizo linakua. Tazama wanaume wa visa hivyo: Optimus Prime ni kiongozi, Megatron adui, Starscream msaliti, Bumblebee kijana anayependwa. Mmoja akiwa mwoga, hakuna atakayesema roboti wa kiume ni waoga. Wa kike akiwa mmoja anabeba jinsia nzima mgongoni, kwa hiyo waandishi wanaogopa kumpa kosa, na mhusika asiyekosea hana utamu.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Mwaka 2008, filamu ya WALL-E ilimleta EVE, mwenye mwili mweupe laini kama yai, hana kiuno wala midomo. Jina na sauti vilitosha, na ndiye mwenye mbio na silaha. Windblade, roboti wa kike wa Transformers, alizaliwa kwa kura za mashabiki mwaka 2013, na mdoli wake ukauzwa mwaka uliofuata. Katika Transformers One ya mwaka 2024, Elita-1 ni mmoja wa wahusika wakuu, na mwanzoni ndiye msimamizi wa wenzake mgodini. Hatua hizo zinanifurahisha, ingawa bado naona viuno.

Kwa hiyo mimi sipiganii idadi pekee. Nataka mwili wa chuma uachwe uwe chuma, na wa kike wawe wengi kiasi kwamba mmoja anaweza kuwa shujaa, mwingine msaliti, mwingine mvivu. Viwanda viko mbali, lakini kipaza sauti cha kibanda umiza kiko hapa, na swali la kwanza la muuzaji pia liko hapa. Angeanza na "Anapenda nini?" angeuza vilevile.

Nyumbani Kimara, kaka wa mpwa wangu aliliona lile lori likigeuzwa akatoa uamuzi: "Huyo steringi, hawezi kuwa mwanamke." Dada yake hakuinua kichwa. "Mbona yule mama wa mwendokasi anaendesha basi refu?" Walikuwa wamepanda naye wiki hiyo, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Mvulana akanyamaza kidogo, kisha akajitolea angalau kumsaidia sauti, kwa sababu yake ni nzito. Akakataliwa. Lori likanguruma chini ya meza kwa sauti nyembamba ya mtoto wa kike wa miaka saba, likageuka, likasimama.