Mama aligeuka kaka

Jumatatu asubuhi, huku England, mashine ya nukta nundu (maandishi ya kugusa ya wasioona) ya mwanafunzi wetu iligoma kitufe kimoja. Ni kile cha nukta ya nne, kinachokaa mara tu kulia kwa kitufe cha nafasi, cha kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kilizama, hakikurudi. Nikamwambia mratibu wa mahitaji maalumu wa shule, naye akaandika barua pepe ya mistari miwili. Kabla watoto hawajatoka mapumziko ya mchana, mtu wa halmashauri akawa ameleta mashine ya kuazima na kuondoka na ile mbovu. Jumatano mashine yetu ikarudi, nzima.

Mwenzangu tunayesaidiana darasani akasema kwa uchungu wa kweli kabisa, "Siku mbili! Hii haikubaliki."

Nikacheka, na si kicheko cha adabu. Akaniuliza kinachonichekesha ni nini, nikakosa pa kuanzia. Kwa hiyo nawaandikia nyie walimu wenzangu wa nyumbani, ambao sina haja ya kuwaeleza.

Kabla ya kuja huku Uingereza nilifundisha Tanzania miaka tisa, kwenye kitengo cha wasioona ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Tulikuwa na mashine tatu za nukta nundu, aina ya Perkins. Mbili zilikuwa za kutolea vipuri, ya tatu ndiyo iliyoandika. Siku moja nayo ikafa nukta ya nne, ileile. Asiyejua nukta nundu ataona si kitu, maana nukta zimebaki tano. Sasa sikiliza. Herufi "m" ni nukta ya kwanza, ya tatu na ya nne. Ondoa ya nne, unabaki na "k". Kwa hiyo binti wa darasa la pili aliandika "mama yangu", akageuza karatasi, akapitisha vidole na kusoma "kaka zaohu". Akarudia. Akasoma tena, polepole. Kisha akaniambia, "Mwalimu, mimi sijui kuandika."

Alikuwa anajua kuandika kuliko wote. Mama aliendelea kuwa kaka kwa miezi saba.

Hiyo miezi saba mnaijua ilivyokwenda. Niliandika barua yenye u.f.s. tatu, yaani ipite kwa wakubwa watatu kabla ya kumfikia mwandikiwa. Nikaifuatilia. Nikaambiwa imepokelewa, nivute subira. Nikaifuatilia tena, nikaambiwa mhusika yuko semina. Mwishowe fundi cherehani jirani na shule aliifungua mashine kwa bisibisi ndogo, akatoa springi iliyokatika, akapachika ya kalamu ya wino. Ikafanya kazi. Baadaye wakaja wageni, wakapiga picha, mmoja akanisifu mbele ya watu kwamba mimi ni mwalimu mbunifu.

Sitaki kusikia tena neno "ubunifu". Nimeshakata trei za mayai vipande vya matundu sita na kupanga vizibo humo ili mtoto ajue umbo la herufi, na sioni aibu kusema hivyo. Ile trei inafundisha vizuri, hata huku ningeitumia. Lakini nilipotoka chuoni sikuwa nimeomba sifa za kuokoteza. Ukimsifu mwalimu kwa kuokoteza, mwaka unaofuata unamwachia aokoteze zaidi, na barua yake yenye u.f.s. tatu hairudi kukusumbua kichwani.

Najua mnachosema sasa hivi. "Huyu naye! Kaenda kubeba maboksi, sasa anatufundisha." Kwanza sibebi maboksi. Nabeba mashine ya Perkins, na ina karibu kilo tano, ukiipandisha ghorofani mara mbili kwa siku utanieleza. Pili, huku mimi ni msaidizi wa mwalimu tu, japo nina cheti cha Patandi, chuo chetu cha ualimu wa elimu maalumu. Cheti kile hapa hakinipi darasa. Kwa hiyo sizungumzi kutoka juu ya mlima, nazungumza kutoka kiti cha nyuma karibu na mtoto, na ndicho kiti kinachoona kila kitu.

Kinachoniuma si mashine. Mashine huharibika kokote. Kinachoniuma ni ile barua pepe ya mistari miwili. Ilikuwa na mtu wa kwenda kwake.

Kila shule ya kawaida ya serikali huku England, kwa sheria, lazima iwe na mratibu wa mahitaji maalumu, nao wanamwita SENCO. Lazima awe mwalimu mwenye sifa. Mwalimu wa hesabu akipata mtoto anayezisoma herufi kinyumenyume, hajifungii stoo kulia, anagonga mlango wake. Nyuma ya SENCO kuna walimu washauri wanaozunguka shuleni: wa viziwi, wa wasioona, wa watoto wenye usonji. Anayefundisha darasa la wanafunzi viziwi au wasioona analazimika kuwa na sifa maalumu juu ya ile ya ualimu. Wa kwetu huja kila baada ya wiki mbili. Anakaa kiti cha kitoto, anamtazama binti akisoma, kisha ananiuliza, "Wewe una tatizo gani wiki hii?"

Mara ya kwanza aliponiuliza nilidhani ni mtego. Miaka tisa, kila aliyekuja darasani kwangu alikuja na fomu. Walihesabu maandalio ya somo, walihesabu madawati. Hakuna aliyeuliza mimi nina tatizo gani.

Ngoja niwatetee na nyumbani, maana nikisoma niliyoandika hapo juu najiona kama nawachafua wenzangu. Wiki ile mashine ya huku ilipokuwa kwa fundi, nilitoa kwenye mkoba kibao changu cha nukta nundu na msumari wake, nikaandika sentensi tano. Kwa kibao unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa kinyume, ili ukigeuza karatasi isomeke sawasawa. Yule mwalimu mshauri alisimama nyuma yangu kimya. Kisha akasema yeye alifundishwa kidogo sana chuoni na ameshasahau, akaomba nimwoneshe. Mwalimu wa Patandi akamfundisha mwenye sifa za ualimu za huku, mezani, mbele ya watoto. Siku ile nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mrefu kidogo.

Tunao watu. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Rafiki yangu niliyesoma naye ni bingwa wa lugha ya alama, mikono yake inaongea kuliko mdomo wangu. Alipangiwa shule isiyo na mtoto kiziwi hata mmoja, akapewa uraia na michezo, darasa la watoto themanini na kitu. Kata ya pili kuna mtoto kiziwi amekaa nyuma, ananakili ubaoni asichokielewa, na mwalimu wake hajui kwamba mwendo wa saa moja tu kutoka hapo kuna mtu angemsaidia. Wote wawili wapo kwenye ikama, wote wanalipwa na serikali ileile. Hakuna aliyewahi kuwapa namba za simu za kila mmoja.

Sasa atainuka mjomba mmoja, yupo kila mahali, atasema, "Wenzetu wana hela." Mjomba, kweli wanazo, nami sibishi. Lakini usidhani hela imewatatulia. Sheria yao ya 2014 inamruhusu mtoto kupata mpango maalumu wa elimu, afya na matunzo unaoweza kumfuata hadi afikishe miaka 25, na halmashauri ina wiki 20 za kuukamilisha. Mwaka 2024 zaidi ya nusu ya mipango mipya ilichelewa kupita wiki hizo. Wazazi wanapeleka halmashauri kwenye baraza la rufaa, na wengi wanaofika mbele yake wanashinda. Mkaguzi wao wa hesabu za serikali alisema waziwazi 2024 kwamba mfumo huu kifedha hauendi mbali. Walimu wanaacha kazi. SENCO wetu anakula chakula chake cha mchana amesimama. Nimeona mama akilia kwenye korido kwa Kiingereza, na kilio kile ni kilekile ninachokijua.

Tofauti ni kwamba yule mama ana wiki 20 za kuhesabu. Akifika ya ishirini na moja, ana haki ya kukasirika kwa maandishi. Mama wa nyumbani anaanza kuhesabu kutoka wapi?

Na msiniambie kuhusu sheria. Tunazo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu Tanzania iliuridhia 2009, Uingereza nayo iliuridhia mwaka huohuo. Tena wao waliweka masharti kwenye kifungu cha 24, kile cha elimu, ili shule zao maalumu zisiguswe. Sisi hatukuweka sharti lolote pale. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na elimu imo. Kwenye karatasi tulikuwa jasiri kuwashinda waliotutawala. Ninafurahi kusema hivyo, halafu nakumbuka springi ya kalamu.

Ninachotaka hakihitaji mfadhili. Orodha moja kwa kila wilaya: mwalimu fulani anajua lugha ya alama, fulani anajua nukta nundu, fulani amesomea ulemavu wa akili, namba zao hizi. Nusu siku kwa wiki, iliyoandikwa kwenye ratiba, ya kuzitembelea shule za jirani bila kuomba ruhusa upya kila mara. Na afisa aulizwe ni barua ngapi za vitengo amezijibu, kama vile mwalimu mkuu anavyoulizwa ufaulu.

"Si urudi basi uje uifanye hiyo orodha?" Hapo mmenipata. Sina jibu zuri. Nina watoto shuleni huku, nina deni, na nina uchovu ambao sikujua ninao mpaka nilipoulizwa na mtu aliyekaa kiti cha kitoto. Wengine wataita kukimbia. Mke wangu mwenyewe aliwahi kuita hivyo, tukiwa tumekasirikiana.

Lakini orodha yenyewe ipo, kwa namna yake. Darasa letu la Patandi lina kundi la WhatsApp, na limekua mpaka lina walimu nisiowajua sura. Usiku, nikiwa kwenye basi, linaita. Juzi mwalimu mmoja kijana aliandika, "Shikamoo mwalimu. Nimepokea mtoto mwenye ualbino darasa la kwanza, haoni ubao, nifanyeje?" Nikamjibu palepale: mkalishe mbele, dirisha liwe nyuma yake lisimpige machoni, mruhusu avae kofia yenye ukingo hata darasani, mruhusu asimame na kusogea mpaka ubaoni bila kuomba, andika herufi nene, umsomee kwa sauti unachoandika. Usimwambie akaze macho, hayakazwi. Wengine wakaongezea. Mmoja akatuma picha ya maandishi yake ya ubaoni ili aone ukubwa. Dakika kumi na tano, watu saba, bure.

Akashukuru. Baada ya muda akarudi: mwalimu mkuu amekataa kofia, anasema sare ni sare.

Nikamwambia aandike barua, atunze nakala.

Akauliza, "U.f.s. nani?"